Mazimwi ya Baba na Akina Mama wa Maombi

Baba yangu alikuwa mlinzi kwenye mlango wa ofisi moja kubwa karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Ulaya huko Brussels. Kazi yake ilikuwa kusimama wima tangu asubuhi, ndani ya suti isiyokuwa yake, akiwatazama watu wa mikoba ya ngozi wakiingia na kutoka, na kutabasamu lakini si sana. Jumamosi mchana, nyumbani kwetu Evere, ghorofa ya tatu, tukishamaliza bukari, yaani ugali, na samaki, alivaa suruali ya michezo na fulana ya zamani, akachomeka kanda kwenye deki, akajiachia kwenye sofa. Muda si mrefu Tokyo ilikuwa inawaka moto sebuleni kwetu.

Zilikuwa filamu za Kijapani za mazimwi makubwa, zile za zamani, za mtu aliyevaa vazi la mpira akitembea juu ya nyumba za mbao nyembamba. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili kila mtu Brussels alikuwa anatupa kanda zake za video na kununua sahani za DVD, na huko Saint-Josse kulikuwa na duka la mitumba lililoziweka kanda hizo nje, kwenye maboksi, chini ya sufuria na taa za mezani. Baba alizichagua jinsi mama alivyochagua samaki wa chumvi. Aliigeuza kanda, akaitazama tumboni, akairudisha, akaenda mpaka mwisho wa duka, akarudi kuichukua ile ile.

Midomo ya waigizaji ilisema Kijapani. Sauti iliyobandikwa juu yake ilikuwa Kifaransa cha Paris, na mara nyingi mtu alikuwa ameshafunga mdomo na bado anaongea. Chini kulikuwa na maandishi ya Kiflamandi. Na juu ya vyote hivyo Baba alieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa sababu hakuamini kwamba hao wengine walikuwa wamesema mambo sawasawa.

"Sasa uyu docteur anabaambia basiguse iyo yai," aliniambia. "Utaona. Batagusa."

Waliligusa kila mara.

Mapenzi yake yalianzia utotoni, misheni, ambako mapadri walitundika shuka jeupe ukutani na kuonyesha filamu kwa watoto waliokuwa na adabu wiki nzima. Filamu ilikuja kwenye magurudumu kadhaa ya mkanda, na padri mwenye mashine, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, aliyachanganya. Kwa hiyo filamu ya kwanza ya zimwi aliyoiona baba yangu ilianza na zimwi kufa, ikaendelea na zimwi kuteketeza mji, ikaisha na wavuvi wakicheka kwenye mtumbwi na jua likiwaka. Watoto wote walirudi nyumbani na furaha kubwa. Baba alisema mpaka leo anaona ule ndio mpango mzuri zaidi wa hadithi, na kwamba padri, pamoja na macho yake, aliwazidi Wajapani.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo mrefu. Shuleni wenzangu walitazama filamu za Kimarekani ambazo zimwi lilikuwa limetengenezwa na kompyuta, lina mate na mishipa, unaona kila nywele. Kisha narudi nyumbani namkuta baba yangu na mjusi mwenye zipu mgongoni. Nilikaa kwenye mkono wa sofa na kuanza kazi yangu, ambayo ilikuwa kukosoa.

Na makosa yalikuwepo, jamani. Ndege za kivita zilining'inia kwenye nyuzi, na ukikaa upande wa dirishani uliziona nyuzi zote. Vifaru vilirusha cheche kama kiberiti kibovu. Jengo moja la kona, lenye saa, lilianguka kwenye filamu tatu tofauti, kutoka upande ule ule, na bwana mmoja mnene mwenye sanduku alikimbia kwenye mbili kati ya hizo. Wanawake walikuwa na kazi mbili tu, kuleta chai na kupiga kelele. Kabla zimwi halijatokea ilibidi uvumilie wanaume wa tai wakizunguka meza, wakiulizana maswali ambayo mtoto wa chekechea angeyajibu. Akitokea Mzungu, alikuwa mgumu kama mlango. Lakini kosa lililonichekesha kuliko yote lilikuwa maji. Nyumba unaweza kuifanya ndogo, gari moshi unaweza kulifanya dogo, lakini tone la maji linakataa kuwa dogo. Zimwi lilipotoka baharini, matone yaliyolidondoka yalikuwa makubwa kama vichwa vya watu, na papo hapo ukajua kwamba ile bahari yote ingeenea bafuni kwetu.

Nilimwambia Baba hayo yote. Hakukasirika hata siku moja.

"Unaona uyu muntu ndani ya costume?" aliniuliza; suti pia aliiita costume. "Eko anasikia joto. Haoni mbele. Anatembea polepole juu anaogopa kuanguka, na shiye tunasema, ona, eko muzito. Mi pia nashinda mu costume ya batu, minajua ile kazi."

Tangu siku hiyo nilianza kuangalia miguu ya zimwi badala ya zipu, na hapo ndipo nilipoharibika. Nilizipenda. Nasema wazi, nilizipenda filamu zile kuliko zote za kompyuta nilizoziona baadaye. Nilipenda kwamba mtu mzima, mwenye familia, alikaa chini na kujenga mtaa mzima wenye nguzo za umeme na mabango ya maduka, akatundika soksi ndogo kwenye kamba ya kuanikia, akijua kesho mguu wa mpira utakanyaga kila kitu. Nilipenda sauti ya zimwi, mlio kama wa geti la chuma lisilotiwa mafuta. Nilipenda kwamba filamu inayofuata ilianza na mji ule ule umesimama tena, watu wananunua tambi barabarani, na hakuna anayelalamika. Lakini mbele ya Baba niliendelea kukosoa, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunaongea.

Mama hakukaa nasi. Alipiga pasi jikoni, mlango wazi, na kila geti la chuma lilipolia alisema, "Papa ya batoto, punguza minyama yako." Alisema batoto, kwa wingi, ingawa nyumbani nilikuwa mmoja.

Wa pili, ambaye kwa umri ni wa kwanza, alikuwa Lubumbashi. Baba alitangulia Ubelgiji, kisha akatuita sote watatu. Visa ya Mama ilitoka, yangu ikatoka, ya dada yangu haikutoka. Tulidhani ni jambo la muda mfupi. Alibaki kwa nkambo, mama yake Mama. Siku tuliyoondoka dada yangu alitusindikiza uwanja wa ndege amevaa gauni langu la njano lililokuwa limembana, kwa sababu nilitaka abaki na kitu changu. Kisha faili lake lilirudishwa, likapelekwa tena, likarudishwa tena. Kila Jumapili tulimpigia simu, na sauti yake ilikuwa inakua mbali na sisi. Mwaka ninaousimulia alikuwa na kumi na saba. Akifika kumi na minane, tuliambiwa, mlango wa kuja kama mtoto wa familia unafungwa.

Hapo ndipo akina mama wa maombi walipoingia. Mama alikuwa kwenye kikundi cha sala kilichokutana Saint-Josse, wanawake wa Katanga na wa Kivu mchanganyiko, na kiongozi wao waliita maman présidente. Alikuwa mtu wa Bukavu, mpana, mwenye sauti iliyozoea kuongea na wazee viziwi, maana kazi yake ilikuwa kuwahudumia vikongwe. Kikundi kilikuwa na desturi. Nyumba ambayo mlango wake umefungwa, yaani karatasi hazitoki, kazi haipatikani au mimba haishiki, walikuja kuitembelea. Walipita chumba kwa chumba wakitafuta kitu kinachoziba njia. Kilichopatikana kiliwekwa kwenye korido, kikaombewa, kikapelekwa kwenye pipa la taka. Nyumba moja ilipoteza tembo wa mbao aliyenunuliwa uwanja wa ndege. Nyingine ilipoteza wigi.

Walipokuja kwetu mara ya kwanza hawakuhitaji kutafuta. Kabati la sebuleni lilikuwa limejaa mijusi inayotema moto, kuanzia chini mpaka juu. Maman présidente alisimama mbele yake, mkono kifuani.

"Maman," akamwambia mama yangu, "na unatuuliza juu ya nini visa haitoke?"

Mama alilia usiku ule, na kwa siku kadhaa hakumtazama Baba usoni. Hakumlaumu kwa maneno. Alisema tu kwamba hajui kama ni kweli au si kweli, lakini kama kuna nafasi hata ndogo, ndogo kabisa, kwamba hizo kanda zinamzuia mtoto wake, yeye atalalaje nazo chumba cha pili? Na Baba angejibu nini? Mtu akikuambia uchague kati ya binti yako na kabati la kanda za mitumba, hata ukiwa na hoja nzuri namna gani, ukishafungua mdomo umeshakosa.

"Mubiweke mu masashe," alisema. "Bakuje Samedi, babikamate."

Nilimchukia maman présidente wiki ile nzima. Niliziingiza kanda kwenye mifuko ya plastiki mimi mwenyewe, nikaipanga mifuko kwenye korido, na kabati lililobaki lilikuwa na vumbi la mistari mistari. Baba alikaa mbele yake akisoma gazeti la matangazo, lile la bure, ukurasa ule ule.

Jumamosi walikuja na vitenge vyao vya sare, vya bluu, wakajaa sebuleni mpaka wengine wakakalia viti vya jikoni. Mama alikuwa anakaanga mikate, maandazi yale madogo ya mviringo, maana hata anayekuja kukutupia vitu lazima ale. Maman présidente aliingia koridoni, akaangalia mifuko, kisha akamgeukia Baba kwa heshima.

"Papa, jina yake ni nani?"

"Jina ya nani, maman présidente?"

"Ya pepo. Pepo haitoke kama haujamuita kwa jina yake. Yesu mwenyewe aliuliza jina kwanza. Nikisema tu, toka weye munyama, atatoka gani? Atasema si mimi banaita."

Baba alikuna kidevu. Alimweleza kwamba yapo mengi, kila moja na jina lake, na mengine yana majina mawili, kwa sababu Wafaransa waliyabadilisha. Maman présidente akaona jambo hili ni zito kuliko alivyodhani. Akafunga macho, akaomba kidogo, akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa karibu ili Roho amchagulie aliye mkubwa wao. Ikatoka kanda isiyokuwa na jalada wala karatasi ubavuni, nyeusi tupu.

"Huyu?"

"Huyo hata mi sijamuona," alisema Baba. "Nilimununua juzi. Sijui jina yake."

"Alors tutajuaje?"

"Labda batamuita ndani ya filme," alisema Baba, na uso wake ulikuwa mnyoofu kabisa, uso wa mlangoni pa ofisi. "Kila mara banamuita jina. Muende, muangalie, mukisikia jina, mumufukuze."

Mpaka leo sijui kama alikuwa anapanga kitu au alikuwa anajibu tu swali. Nilimuuliza baadaye, akacheka.

Basi deki likawashwa. Wanaume wa tai wakazunguka meza. Chai ikaletwa. Wakaulizana kwa nini samaki wamehama pwani, wakakubaliana kwamba hawajui, chai ikaletwa tena. Akina mama wakaanza kuhema.

"Mais pepo eko wapi?" aliuliza mmoja.

"Anakuya," alisema Baba. "Kwanza bazungumuze."

Kisha bahari ikachemka. Likatoka zimwi ambalo sijawahi kuona jingine la namna yake: mwili wa kiboko, mgongo wa kaa, macho mawili kama taa za gari, moja limefifia kidogo, nadhani betri. Sebule nzima ikasimama. Vitenge vya bluu vyote vikawa juu, mikono imenyoshwa kuelekea televisheni, kila mmoja anakemea kwa sauti yake, Kiswahili, Kifaransa, Lingala, na lugha zisizo za dunia hii. Jirani wa chini akagonga dari lake. Zimwi halikujali. Likakanyaga reli, likanyanyua behewa, likaliangalia, likaliweka chini.

"Anaitwa nani?" alipiga kelele maman présidente.

"Bado, maman présidente. Bado habajasema."

"Eko na fermeture," alisema mama mmoja mdogo aliyekuwa ameegemea dirisha, akishusha mkono polepole. "Muone mugongo. Eko na zipu."

"Pepo anaweza kuvaa nguo," alisema maman présidente, na kukemea kukaendelea.

Lakini mtu hawezi kusimama amenyosha mikono filamu nzima, hasa akiwa ameshinda kazini tangu asubuhi. Mmoja mmoja wakaketi. Na walipoketi, daktari wa filamu akatokea na fimbo yake na ramani yake, na Baba akaanza kutafsiri. Huyu kiumbe, alisema, alitaga mayai yake juu ya mlima nyuma ya mji. Aliyataga zamani, wakati kulikuwa na nyasi tu. Akarudi baharini kuyasubiri. Sasa yamekaribia kuanguliwa, anataka kuyafuata, na katikati watu wamejenga.

"Donc alitaga mbele ya kujenga iyi mji?" aliuliza maman présidente.

"Mbele kabisa."

"Alors eko kwake."

"Njo vile docteur anasema. Lakini général anakatala."

Akina mama wote wakamwangalia jenerali. Alikuwa mtu wa masharubu madogo, ameketi nyuma ya meza kubwa, na bila kumtazama daktari alisema haiwezekani.

"Minamujua," alisema yule wa dirishani. "Uyu eko pa guichet."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha watu waliopanga foleni miaka mingi kwenye madirisha ya ofisi za visa. Na baada ya hapo filamu ilibadilika kabisa, ingawa kanda ilikuwa ile ile. Zimwi lilielekea kwenye daraja, wakalirudisha kwa mizinga. Likaenda kwenye mto, wakalirudisha kwa moto. Likazunguka mji mzima, polepole, kwa miguu yake mizito, na kila upande kulikuwa na nyaya za umeme na taa kali zikimulika usoni mwake. Kila walipolirudisha, sebuleni watu waliguna. Hakuna aliyekuwa anakemea tena. Nilisikia mmoja anasema "pole, maman" kwa sauti ndogo, na hakuwa anasema na yeyote kati yetu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la mikate mkononi. Alikuwa amekuja kugawa, akasahau. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumuona akitazama hata robo ya filamu moja. Akaja mpaka mbele, akakaa kwenye ukingo wa sofa karibu na Baba, sinia juu ya magoti, na macho yake hayakuondoka kwenye kioo.

"Apite kuume," alisema. "Kuume hakuna batu. Juu ya nini haoni?"

"Taa inamupiga mu macho," alimjibu Baba.

"Bazime basi ile taa."

Na kweli, kulikuwa na mzee mmoja kwenye kituo cha umeme, fundi asiyesema neno tangu mwanzo wa filamu. Alipewa amri aongeze nguvu. Akatazama mkono wake, akatazama kipini cha swichi, akakishusha. Mji mzima ukawa giza. Zimwi likasimama. Kisha likaanza kupita katikati ya nyumba, likiinua miguu juu, likiishusha kwa uangalifu. Nilijua kwa nini. Yule mtu ndani ya vazi alikuwa haoni kitu, anaogopa kujikwaa. Lakini sebuleni kwetu hakukuwa na mtu ndani ya vazi. Kulikuwa na mama anayepita gizani bila kutaka kuvunja nyumba za watu.

Mayai yalikuwa mabaya sana. Yalikuwa ya plasta, na lilipotikisika lile la kwanza niliona waziwazi ubao unaosukumwa kutoka chini. Mdomo wangu, uliojua kila uzi wa kila ndege, ulikaa kimya. Ganda lilipasuka, kikatoka kitu kidogo chenye macho ya taa, na zimwi likainama. Wanawake wazima wenye kazi na watoto wakapiga makofi huku wanalia, na maman présidente alikuwa anapiga kwa nguvu kuliko wote. Walirudi baharini, mama na watoto wake, kwenye matone yale makubwa, na muziki ukalia, na maandishi ya Kijapani yakapanda juu.

Baba akazima. Kutoka sebuleni mifuko ilionekana, imepangwa koridoni.

"Bon," alisema maman présidente, akijifuta uso kwa kitambaa. "Habakumuita jina."

"Hapana," alisema Baba. "Hata mara moja."

"Mimi siwezi kufukuza mwenye hana jina. Na huyu nimeshamuona, haiko pepo. Huyu alikuwa anafata batoto bake." Akamgeukia mama yangu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti ya kuongea na mtu anayesikia. "Zile zingine sijaziona, maman. Siwezi kukudanganya. Nyumba ni yako. Useme, tutafanya vile unasema."

Mama aliangalia sinia, mikate ilikuwa imepoa. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Baba bila kujua niliushika lini. Nilijua anafikiria nini. Bado alikuwa na ile nafasi ndogo, ndogo kabisa. Kama dada yangu asingekuja, angejiuliza maisha yake yote.

"Mutoto wangu siku atafika hapa," alisema, "ataniuliza papa yake alikuwa anafanya nini iyi miaka yote, yeye haiko. Nitamuonyesha nini? Mur? Ukuta mutupu?" Akanyanyuka, akaweka sinia mezani. "Birudie mu kabati. Atabiangalia yeye mwenyewe. Akisema ni bibaya, yeye njo atabitupa."

Baba alivua miwani, akaipangusa kwa fulana, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa analia na hakujificha. Akina mama walimzunguka Mama, wakamwekea mikono, wakamwombea dada yangu kwa sauti iliyomfanya jirani wa chini agonge tena, kisha wakala mikate yote. Walipoondoka Mama alizirudisha kanda kabatini peke yake, hakutaka msaada. Alizipanga kwa rangi. Baba, aliyekuwa ameziweka kwa mpangilio wake mwenyewe kwa miaka, hakuubadilisha mpango huo mpaka leo.

Miaka iliyofuata sebule yetu haikutosha. Maman présidente alikuja Jumamosi ambazo hakuwa na zamu, na nasema bila wivu kwamba alinishinda kwa kukosoa. Zipu zilimuudhi binafsi. "Fundi gani uyu," alisema, "si angeiweka ubavuni." Mama alikuwa anaelekeza mazimwi barabarani, kulia, kushoto, na kuwatukana majenerali. Kulikuwa na vicheko vingi kiasi kwamba jirani wa chini, Mflamandi mmoja mpole, alipanda siku moja kuuliza kuna nini, akapewa kiti, akawa anatusomea maandishi ya chini, ambayo tuligundua yalikuwa yanasema kitu tofauti kabisa na Kifaransa.

Dada yangu alifikisha kumi na minane na mlango ule ukafungwa. Siku hiyo hatukutazama kitu. Sitaki kuipamba siku ile. Lakini alikuwa mtu wa kichwa kigumu na alama nzuri. Alisoma, akapata digrii ya kwanza huko huko Lubumbashi, akaomba nafasi ya kuendelea na masomo Ubelgiji, na miaka ya elfu mbili na kumi ikiwa imeshaanza, akapewa visa kwa jina lake mwenyewe, kama mwanafunzi. Mama anasema ni maombi. Baba anasema ni alama. Wanabishana mpaka leo na wote wawili wanafurahia ubishi huo.

Alishuka uwanjani mrefu kuliko sisi wote, mtu mzima, anavaa viatu vya kisigino na kuongea Kifaransa cha chuo kikuu. Tulikuwa tunaoneana aibu. Mama alimlisha mpaka akaomba msamaha. Dada yangu alimshukuru Baba kwa chakula kama mgeni anavyoshukuru, na nilimuona Baba akiinamisha kichwa.

Jumamosi ya kwanza, baada ya bukari, dada yangu alisimama mbele ya kabati akisoma migongo ya kanda, kidole kikipita juu yake moja baada ya nyingine. Hakuuliza ni nini. Mama alikuwa ameshamweleza kwenye simu, zamani. Alichomoa moja, akampa Baba.

Sofa lilikuwa na nafasi. Nilisogea ili akae. Yeye akavua viatu, akapita mbele yangu, akaketi chini kwenye zulia, mahali ambapo watoto huketi, na akaegemeza mgongo wake kwenye magoti ya baba yetu. Baba alikaa bila kutikisika. Wanaume wa tai walipomaliza chai yao na bahari ikaanza kuchemka, aliweka kiganja juu ya kichwa cha binti yake mwenye digrii na kumwambia, taratibu, maneno ambayo mimi aliacha kuniambia nilipofika miaka minane.

"Sasa anatoka. Usiogope, maman. Papa eko hapa."

"Ndiyo, papa," alisema dada yangu, na akafunika macho kwa mikono, akitazama katikati ya vidole.